Mali Bila Daftari: Karatasi Zilizoandika Historia ya Ardhi Yetu



Katika vijitabu vya harambee tumezoea kusoma habari za mabati, madawati na mabomba ya maji. Mwaka huu tumepewa kurasa chache tuandike historia, nasi tumechagua historia ya karatasi. Sisi tulioandika ni watu wa hesabu. Kazi yetu ya kila siku ni leja, stakabadhi na mihtasari ya vikao, na kazi hiyo ina kanuni moja ambayo kila mhasibu anaijua: salio la kuanzia la mwaka huu ni salio la mwisho la mwaka uliopita. Hakuna anayeanza na ukurasa mtupu. Aliyefunga vitabu kabla yako, awe alifunga kwa makini au kwa haraka, ndiye aliyeamua wewe unaanzia wapi.

Ardhi ya kwetu nayo ina vitabu vyake. Vilifunguliwa na watu waliotutangulia, vingine kwa hiari, vingine kwa kusukumwa, na karibu vyote kwa lugha ambayo wengi wao hawakuisoma. Tunapoulizana leo kwa nini mpaka uko hapa na si pale, jibu mara nyingi limo ndani ya jalada lililofungwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kabla ya karatasi

Wapo wanaosema kwamba Wamaasai hatukuwa na kumbukumbu mpaka shule ilipokuja. Hilo si kweli. Ng'ombe wa kila ukoo alikuwa na chapa yake na mkato wake wa sikio, na mwizi aliyemswaga usiku kucha alikamatwa na ile chapa asubuhi. Chapa ile ilikuwa hati miliki iliyoandikwa juu ya ngozi, na kila mfugaji aliweza kuisoma.

Miaka nayo ilikuwa na daftari lake. Mzee akikwambia jambo lilitokea wakati Seuri walipokuwa morani, au kabla Makaa hawajatahiriwa, amekupa tarehe. Marika yanafuatana kwa mpangilio, na kila rika linawajibika kwa yaliyotendeka zamu yake. Mipaka ya malisho ya kiangazi na ya masika ilijulikana, na ilikumbushwa barazani kila walipokutana malaigwanani.

Daftari hilo lilitosha pale ambapo pande zote mbili za mgogoro zililisoma. Lilianza kupwaya alipokuja mtu wa tatu mwenye daftari jingine. Karani wa serikali hakujua Seuri ni nani. Alijua tarehe, saini na muhuri. Tangu siku hiyo, maneno yetu yaliyoandikwa na wengine yalianza kuwa na nguvu kuliko yale tuliyoyakumbuka sisi wenyewe.

Serengeti, 1958 na 1959

Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Ngorongoro ilikuwa ndani yake, na wafugaji walikuwa wakiishi humo. Mvutano ulidumu miaka kadhaa. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni iliandaa makubaliano kwamba Wamaasai wataondoka Serengeti ya magharibi. Chini ya maandishi hayo yakawekwa majina ya malaigwanani kumi na wawili. Watu na mifugo wakahamia upande wa Ngorongoro na Loliondo.

Mwaka uliofuata, 1959, ilitungwa sheria iliyoitenga Ngorongoro na Serengeti, ikawa eneo la hifadhi ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Agosti mwaka huohuo Gavana Richard Turnbull alizungumza mbele ya Baraza la Wamaasai. Alisema kwamba iwapo masilahi ya wanyamapori na ya wakazi yatagongana, ya wakazi yatatangulia.

Ziangalieni karatasi hizi mbili kama mhasibu anavyoangalia vocha. Ya kwanza ina majina kumi na mawili, nayo inaonyesha kilichotolewa: Serengeti. Ya pili ni hotuba, nayo inaonyesha kilichoahidiwa: kutangulizwa Ngorongoro. Kilichotolewa kiliingia kwenye mpaka wa hifadhi mara moja na hakijarudi. Kilichoahidiwa kilibaki kuwa hotuba. Mwaka 1975 sheria ilirekebishwa, kilimo ndani ya Ngorongoro kikapigwa marufuku, na hotuba ya gavana haikuizuia.

Hata hivyo hotuba ile haikupotea. Kwa kuwa iliandikwa na kutunzwa, kwa miaka zaidi ya sitini imenukuliwa katika barua, maandiko ya watafiti na hoja za watetezi wa haki. Isingeandikwa, leo ingekuwa maneno ya wazee tu, na wazee wenyewe wengi wao wameshaondoka. Kumbukumbu iliyo dhaifu kisheria bado inazidi kutokuwa na kumbukumbu kabisa.

Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka

Tukivuka mpaka kuingia Narok, tunakuta historia ya aina hiyohiyo iliyoanza nusu karne mapema. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza iliandikiana makubaliano na viongozi wa Kimaasai waondoke Bonde la Ufa, wapewe maeneo mawili, moja Laikipia kaskazini na jingine kusini. Maandishi yalisema makubaliano yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Hayakudumu hata miaka kumi. Mwaka 1911 yaliandikwa makubaliano mapya, na watu wa Laikipia wakahamishwa kuja kusini.

Wapo waliokataa kunyamaza. Walikwenda mahakamani, katika shauri linalojulikana kwa jina la Ole Njogo, lililoamuliwa mwaka 1913. Mahakama haikuingia kuchunguza kama Wamaasai walionewa au la. Ilisema makubaliano yale ni mkataba kati ya mataifa, kwa hiyo si jambo la mahakama hiyo kulisikiliza. Karatasi ileile iliyotumika kuchukua ardhi ilipewa jina ambalo liliwafungia mlango walioitoa.

Liko jambo jingine la kujifunza hapo. Mwaka 2004, miaka mia moja baadaye, Wamaasai wa Kenya waliandamana wakidai ardhi irudi kwa kuwa muda wa miaka 99 ulikuwa umekwisha. Vizazi vitatu au vinne walikuwa wameambizana hivyo. Lakini maandishi ya 1904 hayana miaka 99 ndani yake. Kilio chao kilikuwa cha haki, lakini hoja waliyoibeba haikuwa kwenye karatasi, na serikali ililijua hilo. Hatusemi haya kuwacheka ndugu zetu. Tunasema ili kila mmoja wetu ajiulize: kati ya yale tunayoambizana kuhusu mipaka ya Soitsambu, ni mangapi tumeyasoma sisi wenyewe?

Sukenya: ekari 10,000 na ekari 12,617

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1984 Kampuni ya Bia Tanzania ilipewa ekari 10,000 katika eneo la Sukenya, wakati huo likiwa ndani ya kijiji cha Soitsambu, ili ilime shayiri. Ililimwa sehemu ndogo kwa misimu michache, kisha kilimo kikaachwa. Mifugo ikaendelea kuchunga, watu wakaendelea kuishi, na wengi wakaamini kwamba mambo yamekwisha.

Yalikuwa hayajakwisha kwenye karatasi. Miaka ya mwanzo ya 2000 kampuni ilipata hati miliki, na eneo lililosomeka humo lilikuwa ekari 12,617. Mwaka 2006 haki ya umiliki wa shamba hilo iliuzwa kwa kampuni ya Tanzania Conservation Limited kwa ajili ya utalii. Shamba ambalo machoni petu lilikuwa malisho, kwenye masijala ya ardhi lilikuwa mali inayoweza kuuzwa, na likauzwa.

Soitsambu ilishagawanyika, Sukenya na Mondorosi zikawa vijiji vyenye halmashauri zao. Vijiji vyote vitatu vilifungua shauri pamoja katika Mahakama Kuu, Arusha. Hukumu ilitolewa Oktoba 2015. Mahakama iliona kwamba ekari 10,000 za mwanzo zilipatikana kihalali, lakini ekari 2,617 za ziada hazikupatikana kihalali. Shauri lilikwenda pia Mahakama ya Rufani, na hatua hiyo ina wanasheria wake wa kuieleza. Sisi watu wa hesabu tubaki na namba.

Ekari 2,617 ni zaidi ya hekta 1,000. Ukitoa 10,000 katika 12,617, ndizo zinazobaki, na ndizo ambazo Mahakama Kuu iliona hazina msingi. Zilionekana kwa sababu karatasi mbili ziliwekwa kando kwa kando, ya 1984 na ile ya baadaye, na namba hazikuwiana. Katika uhasibu tunaita usuluhishi wa hesabu: unachukua kumbukumbu zako na za benki, unazilinganisha mstari kwa mstari, na tofauti inajitokeza yenyewe bila kelele. Kama karatasi ya kwanza isingepatikana, pasingekuwa na cha kulinganisha, na namba kubwa ingesimama peke yake kama ukweli.

Tuseme pia upande wa pili, maana kumbukumbu haina upendeleo. Karatasi ileile ya 1984 iliyofichua ziada ya ekari 2,617 ndiyo iliyoimarisha zile ekari 10,000 dhidi yetu. Kilichotendeka mwaka ule, katika vikao vya mwaka ule, kilisimama mahakamani miaka 31 baadaye. Mtoto aliyezaliwa 1984 alikuwa mtu mzima mwenye familia siku hukumu inasomwa.

Boma zilikuwa upande gani wa mstari?

Agosti 2017 boma zilichomwa moto katika vijiji vya jirani zetu. Vijiji vinne, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Swali kubwa lilikuwa la ramani: boma hizo zilikuwa ndani ya ardhi ya vijiji au ndani ya Hifadhi ya Serengeti? Septemba 2022 mahakama hiyo ilitupilia mbali shauri, ikisema wadai hawakuthibitisha kwamba waliondolewa kwenye ardhi ya vijiji. Novemba 2023 kitengo chake cha rufaa kilitengua uamuzi huo na kuagiza shauri lisikilizwe upya.

Mtu aliyeona nyumba yake ikiungua hahitaji ramani kujua alikuwa wapi. Mahakama inaihitaji. Inataka kujua mstari umepita wapi, nani aliupima, na kama aliyeupima alikuwa na sifa za kutoa ushahidi huo. Miaka mitano ilipita katika kujibizana juu ya jambo hilo kabla ya uamuzi wa kwanza, na baada yake safari ikaanza upya.

Karatasi hizi zinatufundisha nini

La kwanza, karatasi haichoki wala haifi. Sheria yetu ya ukomo wa mashauri inatoa miaka 12 kudai ardhi iliyochukuliwa, lakini hati inaweza kudumu miaka 99. Ukikaa kimya ukingoja mambo yapoe, yatakayopoa ni madai yako.

La pili, kinachoandikwa hushinda kilichokusudiwa. Sheria ya Ushahidi inasema makubaliano yakishawekwa katika maandishi, maandishi hayo ndiyo ushahidi wa makubaliano, na si rahisi kuyaongezea kwa mdomo. Mzee akisema "tulimpa alime tu, hatukumpa moja kwa moja", mahakama itauliza neno "alime tu" limeandikwa wapi.

La tatu, namba bila mpaka ni hatari. "Ekari 10,000 eneo la Sukenya" inakwambia ukubwa, haikwambii inaanzia korongo gani na kuishia kilima kipi. Muhtasari unaogawa ardhi unapaswa kutaja eneo kwa tarakimu na kwa maneno, utaje alama za mpaka zinazojulikana na wenyeji, na uambatanishwe na mchoro.

La nne, nakala moja ni sawa na kutokuwa na nakala. Mchwa, mvua, moto na mtendaji aliyehama na jalada lake, vyote vinamaliza historia ya kijiji kwa siku moja.

Vitabu tunavyofunga sisi

Ingekuwa rahisi kuishia hapa tukiwalaumu wakoloni, makampuni na serikali. Lakini kalamu sasa iko mikononi mwetu. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ianze kutumika mwaka 2001, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wanaoandika mihtasari ni watendaji wetu. Wanaosaini ni wenyeviti tuliowachagua. Wanaohudhuria, au wasiohudhuria, ni sisi.

Orodha ya mahudhurio ni kitu kidogo, tena kinachochosha. Watu husaini wakiwa wamesimama, wengine huandikiwa na jirani, na karatasi moja hupita mikono hamsini. Lakini katika shauri la ardhi orodha hiyo ndiyo inayosema kama kijiji kiliridhia au hakikuridhia. Jina lako likiwa pale, uliridhia mpaka uthibitishe vinginevyo. Na wewe uliyekuwepo ukapinga, kama upinzani wako haukuandikwa, mjukuu wako atakukuta kwenye orodha ya walioafiki.

Sisi tunaoishi mijini nasi tuna maandishi yetu huko nyumbani. Kuna anayeomba kiwanja kijijini kwa barua ya haraka, bila mkutano, kwa kuwa anafahamiana na viongozi. Kuna anayeleta mgeni mwenye fedha na kumtambulisha kama mwenyeji. Kila jambo la namna hiyo linaacha karatasi. Mwaka 2060 kijana wa Soitsambu atalifungua jalada hilo na kusoma majina yetu, kama sisi tunavyosoma leo majina ya 1958. Wale kumi na wawili wana utetezi wa haki: utawala haukuwa wao, lugha haikuwa yao. Sisi tumesoma, na katiba ni yetu. Utetezi wetu utakuwa nini?

Tunachowaomba

Chama kimeamua kwamba sehemu ya michango ya mwaka huu iende kwenye masijala za vijiji vya kata yetu. Mchanganuo wa gharama mtaukuta kurasa za mwisho za kijitabu hiki. Hapa tunaeleza kazi itakayofanyika.

Kwanza ni kukusanya na kunakili mihtasari, barua, ramani na hukumu zote zinazohusu ardhi, kuanzia Soitsambu mama kabla haijagawanyika. Vijiji vimegawanyika, lakini jalada la zamani ni moja, na kila kijiji kinalihitaji. Nakala moja itabaki kijijini, ya pili itahifadhiwa na chama, na ya tatu itawekwa kwenye kompyuta mbali na kijiji.

Pili ni kununua kabati la chuma lenye kufuli kwa kila ofisi ya kijiji, na kitabu cha kusaini kila anayetoa jalada na siku anayolirudisha.

Tatu ni mafunzo kwa watendaji na wajumbe wa halmashauri za vijiji: namna ya kuandika muhtasari, kuhesabu akidi, kuandika hoja za waliopinga, na kukabidhiana majalada uongozi unapobadilika. Uchaguzi wa vijiji hufanyika kila baada ya miaka mitano, na kila makabidhiano ni nafasi ya kitu kupotea.

Nne ni kuwarekodi wazee. Wapo bado wanaojua mipaka ya zamani kwa majina ya makorongo, visima na miti. Tunataka waseme kwa Kimaasai, maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, kisha yatafsiriwe Kiswahili, na vijana watembee nao mpaka kwa mpaka wakiwa na kifaa cha kupimia. Hapo daftari la marika na daftari la serikali vitakuwa vimelinganishwa kwa mara ya kwanza tukiwa sisi wenyewe mezani.

Kazi hii haina jengo la kukatia utepe. Mgeni rasmi hatapiga picha mbele ya kabati. Lakini wahenga walishatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yetu kubwa kuliko ng'ombe wote ni ardhi wanayosimama juu yake.

Michango yote itaandikwa kwa jina, tarehe na kiasi, na kila mchangiaji atapewa stakabadhi. Ahadi nazo zitaandikwa, na mwaka ujao tutazisoma mbele ya mkutano, zilizotimizwa na ambazo bado. Msituone wakali. Tunataka salio la kuanzia tutakalowaachia wanaotufuata liwe safi kuliko tulilolikuta.